KUSAFIRISHA VIPURI VYA KOMPYUTA KWA USALAMA
Mazungumzo yaliyotolewa kwa makatibu na wanachama wa vyama vya ushirika, Chang'ombe, Temeke



Nitazungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo. Nitaeleza jinsi ya kuchukua kompyuta ya chama, au kipuri chake kimoja, kutoka ofisini hadi kwa fundi na kuirudisha salama, bila kuwa na vifungashio maalum vya kiwandani. Vifungashio hivyo wengi wetu hatunavyo. Mashine ilipofika ofisini ilikuja na boksi lake. Boksi likakaa mwaka mmoja, likaliwa na mchwa au likatumika kuwekea risiti za zamani. Siku mashine inapougua, katibu huibeba kwa mikono, au huifunga katika kiroba, akapanda nayo bajaji kwenda Kariakoo.

Hapana budi tujiulize ni nini hasa kinachobebwa katika kiroba hicho. Si bati na waya tu. Ndani yake mna daftari la hisa za wanachama, akiba zao, mikopo yao na marejesho yao. Mama aliyeweka akiba yake shilingi kwa shilingi anaamini kwamba hesabu yake iko ofisini, tena iko salama. Hesabu hiyo ikipotea njiani kati ya Chang'ombe na Kariakoo, mwanachama huyo hataambiwa kwamba diski imevunjika akaridhika. Atasema chama kimekula fedha yake, na hatutakuwa na karatasi ya kumjibu. Kwa sababu hiyo nasema kwamba kusafirisha kompyuta ni kazi ya uaminifu kabla ya kuwa kazi ya ufundi.

Ujuzi wa kazi hii haukutufikia mapema. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta kutoka nje. Kwa muda mrefu mashine hizi zilikuwa za ofisi chache. Leo Tume ya Maendeleo ya Ushirika inavitaka vyama viweke taarifa zake katika mfumo wa usimamizi wa vyama unaoitwa MUVU, na hata chama kidogo kimelazimika kuwa na kompyuta. Mashine imefika kwetu; desturi ya kuitunza njiani bado inafuata nyuma.

Hata hivyo, kusafirisha vitu vyepesi kuvunjika bila kifungashio maalum si jambo geni katika bahari yetu. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani vimechimbuliwa vigae vya vyombo vya kauri kutoka China, vilivyovuka bahari kwa majahazi karne nyingi zilizopita. Vyombo hivyo vilisafirije bila kuwa vumbi? Mwaka 1998, karibu na kisiwa cha Belitung huko Indonesia, iligunduliwa merikebu ya karne ya 9 iliyozama. Mbao zake zilikuwa zimeshonwa kwa kamba, kama mitepe ya pwani yetu ilivyoshonwa. Ndani yake mlikuwa na makumi ya maelfu ya mabakuli ya Kichina, na mengi yalikutwa yamepangwa kwa mzunguko, moja likiegemea jingine, ndani ya mitungi mikubwa. Mtungi ndio uliokuwa kifungashio. Mengi ya mabakuli hayo yalitolewa mazima baada ya zaidi ya miaka 1,000 chini ya maji. Wapakizi wale walijua adui wa chombo ni nani, wakamzuia kwa kile walichokuwa nacho. Nasi tufanye hivyo hivyo.

Kipuri cha kompyuta kina maadui watatu njiani: mshtuko, umeme tuli na unyevu.

ADUI WA KWANZA: MSHTUKO

Diski ya kuhifadhia kumbukumbu ya aina ya zamani, ambayo bado imo katika kompyuta nyingi za meza, ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachosoma maandishi bila kuzigusa. Nafasi kati ya kichwa na sahani ni ndogo mno. Unene wa unywele mmoja waishinda zaidi ya mara elfu. Kichwa kikigonga sahani, hukwaruza maandishi yetu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba mashine isihamishwe kamwe ikiwa inafanya kazi, hata kutoka meza moja hadi nyingine. Izimwe kwa utaratibu, isubiriwe hadi sahani zitulie, ndipo ibebwe.

Tufanye hesabu ndogo, ambayo kila katibu aiweza. Kitu kinapoanguka, nguvu ya pigo hutegemea mambo mawili: kimeanguka kutoka kimo gani, na kimesimama katika umbali gani. Gawanya kimo kwa umbali wa kusimama. Diski ikianguka kutoka meza yenye kimo cha sentimita 75, ambazo ni milimita 750, juu ya sakafu ya saruji, ikasimama katika umbali wa milimita 1, hupata wastani wa pigo la mara 750 ya uzito wake. Lakini kama imezungukwa na kitu laini kinachobonyea milimita 30 kabla haijasimama, pigo hilo hushuka hadi mara 25. Watengenezaji wa diski za kompyuta za meza kwa kawaida huandika kwamba diski iliyozimwa yaweza kuvumilia kiasi cha mara 250 hadi 350, na inayofanya kazi mara 30 hadi 70 tu. Kwa hiyo sentimita tatu za kitu laini ndizo zinazoamua kama daftari la wanachama litapona au litakufa.

Kitu hicho laini tutakipata wapi? Sisi wa Chang'ombe tuko jirani na Keko, kwenye mafundi wa samani. Mabaki ya sponji za makochi yamejaa katika karakana zao. Trei za mayai za karatasi nazo ni kifungashio bora, kwa kuwa zilibuniwa kwa ajili ya kitu chepesi kuvunjika kuliko kompyuta. Magazeti yaliyofinyangwa yanafaa, maadamu yamebanwa vizuri. Makumbi ya nazi, sufi na maranda vyaweza kutumika kwa dharura, lakini vina vumbi. Vifungwe kwanza katika mfuko uliozibwa, na mfuko huo ukae nje ya boksi la ndani.

Njia iliyo bora ni boksi ndani ya boksi. Kipuri kilichokwisha kufungwa kiwekwe katika boksi dogo linalokitosha. Boksi dogo liwekwe katikati ya boksi kubwa, na pande zote sita, yaani chini, juu na ubavuni, zijazwe kitu laini chenye unene usiopungua sentimita 5. Baada ya kufunga, litikise boksi polepole. Ukisikia kitu kinacheza ndani, kazi bado haijakwisha. Fungua ujaze tena.

ADUI WA PILI: UMEME TULI

Adui huyu haonekani, na kwa hiyo hudharauliwa. Nguo ya nailoni ikisuguana na kiti, au mfuko wa plastiki ukisuguana na kipuri, umeme hujikusanya. Wakati wa kugusa chuma huruka kama cheche ndogo. Mwili wa binadamu kwa kawaida hauhisi cheche hiyo mpaka ifikie kiasi cha volti 3,000. Kumbe baadhi ya sehemu za kompyuta huweza kudhurika kwa volti zisizofika 100. Maana yake ni kwamba waweza kukiua kipuri usijue kwamba umekigusa vibaya.

Aidha, si lazima kipuri kife papo hapo. Chaweza kudhoofika, kikafanya kazi miezi miwili, kisha kikaanza kuzimika bila sababu. Bandu bandu huisha gogo. Hapo lawama humwangukia fundi au muuza duka, na wala hakuna anayekumbuka kwamba kipuri kilisafiri kikiwa kimezungushiwa nailoni.

Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, na unyevu hupunguza umeme tuli. Lakini tusijiamini kupita kiasi. Ndani ya chumba chenye kiyoyozi hewa hukauka, na kipuri kinachopelekwa Dodoma, Singida au Shinyanga wakati wa kiangazi kitakuta hewa kavu sana.

Basi tufanye hivi. Kabla ya kugusa kipuri, mtu aguse kwanza bati tupu la kasha la kompyuta, ili umeme ulio mwilini mwake usawazike na wa mashine. Avae nguo ya pamba, si ya nailoni. Ubao ushikwe kwa kingo zake, vidole visiguse madini ya manjano wala vijimguu vya solda. Kipuri kikiwa na mfuko wake wa rangi ya fedha kilichojia, mfuko huo usitupwe; kila ofisi iwe na bahasha ya kuhifadhia mifuko ya aina hiyo. Fundi akifunga kipuri kipya, aombwe aiache ile mifuko ya zamani.

Ikiwa mfuko huo haupo, kipuri kifungwe kwanza kwa karatasi safi, kavu na isiyo na pini. Juu ya karatasi kizungushiwe foili ya alumini, ile inayotumika jikoni kufunikia chakula. Foili huzuia umeme usipenye hadi ndani. Hapa naomba msikilize kwa makini. Ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi, una betri ndogo ya duara yenye volti 3. Foili ikigusa miguu ya betri hiyo itaunganisha njia ya umeme isiyotakiwa. Kwa hiyo betri itolewe kwanza, na karatasi iliyo chini ya foili iwe nene, au uwekwe ubao wa katoni kati yao. Betri ya kompyuta ya mkononi isizungushiwe foili kamwe, kwa maana yaweza kushika moto.

Kipuri kisiguse moja kwa moja sponji, mfuko wa plastiki wala kiroba cha nyuzi za plastiki. Vitu hivyo vyaweza kukaa nje, baada ya karatasi, foili na boksi la kwanza.

Swali la kawaida ni juu ya prosesa, kile kipande kidogo ambacho ndicho ubongo wa mashine. Baadhi ya prosesa zina mamia ya vijiti vyembamba ambavyo vikipinda ni taabu kuvinyoosha. Kwa nyingine, vijiti viko katika kiota chake kwenye ubao. Jibu ni jepesi. Kama ubao mzima unasafiri, prosesa iachwe kiotani mwake, kwani hakuna mahali salama kuliko hapo. Kinachopasa kutolewa ni kipoozi kikiwa kikubwa na kizito, pamoja na kadi nzito zilizochomekwa, maana hivyo huning'inia na kuvunja mahali vilipochomekwa gari linaporuka shimoni.

ADUI WA TATU: UNYEVU

Mtazameni mtu anapotoa chupa ya soda katika jokofu. Baada ya dakika chache chupa hutoka jasho. Kompyuta iliyokaa katika chumba cha kiyoyozi, au iliyosafirishwa usiku kutoka kwenye baridi ya Njombe au Lushoto, hutoka jasho vivyo hivyo inapokutana na joto la pwani. Tofauti ni kwamba jasho hilo liko juu ya nyaya zake. Mashine ikifika, isifunguliwe wala kuwashwa mara moja. Iachwe ndani ya boksi kwa saa kadhaa hadi ilingane na joto la chumba.

Wakati wa masika na vuli, boksi la nje lifunikwe kwa nailoni nzito juu ya katoni, kwa sababu katoni iliyolowa haina nguvu tena. Anayevuka kwa kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni aweke mzigo mbali na ukingo, maana maji ya chumvi ni mabaya kuliko ya mvua. Vile vifuko vidogo vya punje za kukausha unyevu, vinavyokutwa katika maboksi ya viatu, vihifadhiwe na kutiwa ndani ya boksi. Wengine hutia mchele. Mchele una vumbi na huvuta panya, usitumike.

NJIANI

Kuhusu njia ya kusafirisha, nitasema machache. Kasha la kompyuta lilazwe ubavu, ubao mkuu ukiwa upande wa chini, ili vilivyochomekwa visimame wima wala visining'inie. Monita, kinyume chake, isilazwe. Isafiri ikiwa imesimama. Uso wake ufunikwe kanga safi ya pamba, kisha ubao wa katoni unaoenea kioo chote. Zikiwa monita mbili, zitazamane uso kwa uso, katoni ikiwa katikati. Printa ya unga itolewe kopo lake la unga, na kopo lifungwe peke yake mbali na jua. Mashine ya kuhifadhi umeme itenganishwe nyaya za betri yake, na isipakiwe kamwe juu ya kitu kingine, kwa maana betri ile ni nzito kama jiwe.

Katika gari, mahali pazuri ni sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, au juu ya kiti likiwa limefungwa mkanda. Katika bajaji, boksi likae mapajani. Diski na kipuri kidogo visitiwe katika buti la basi pamoja na magunia ya viazi. Abebe mkononi yule anayesafiri. Msafiri wa mikoani anayepandia kituo cha Magufuli kule Mbezi, ambacho kiko mbali na hapa, atabadili magari zaidi ya mara moja kabla hajafika, na kila badiliko ni nafasi ya boksi kuanguka. Afunge kamba ya kushikia iliyo imara. Maandishi ya USITUPE yaandikwe pande zote, ila tusiyategemee. Tufunge mzigo kana kwamba mpagazi hajui kusoma.

WAJIBU WA CHAMA

Ndugu Wanachama, sasa nafikia lililo kubwa kuliko yote. Kifungashio kilicho bora kuliko vyote ni nakala. Kabla mashine haijatoka mlangoni, kumbukumbu zote zinakiliwe katika diski ya nje au flashi, na orodha ya akiba na mikopo ichapwe katika karatasi. Nakala hiyo isisafiri pamoja na mashine. Mayai yote yasiwekwe katika kikapu kimoja, na nakala iliyo katika mkoba ule ule wa mashine haiwezi kuitwa nakala.

Kadhalika, tujiulize kama diski ina haja ya kwenda. Ikiwa ugonjwa uko katika feni, waya wa umeme au monita, diski isiyougua haina sababu ya kusafiri. Itolewe, ifungwe kama nilivyoeleza, ibaki katika sefu ya ofisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetupa wajibu wa kulinda habari za wanachama, na fundi wa feni hana haja ya kujua nani amekopa kiasi gani.

Tena, iandikwe hati ya makabidhiano. Ioneshe aina ya kila kitu, namba yake ya kiwandani, hali yake, tarehe, aliyekitoa, aliyekibeba na aliyekipokea, na sahihi za wote. Mashine ikirudi, namba zilinganishwe. Hati hii humlinda katibu dhidi ya shutuma, na hukilinda chama dhidi ya kubadilishiwa kipuri kizima kwa kibovu. Kisha, kabla ya kuwasha, kasha lifunguliwe na kutazamwa kama kuna kilicholegea au kuchomoka.

Mwisho, napendekeza kila chama mwanachama kitenge boksi moja gumu lililokwisha kuwekewa sponji pande zote, karatasi safi, foili, mifuko ya rangi ya fedha, gundi ya kufungia na kamba ya katani, na kuliandika BOKSI LA SAFARI. Vyama jirani vyaweza kuwa na boksi moja kwa ushirika, likazunguka kwa zamu. Hapa Chang'ombe tuna chuo cha ufundi cha VETA. Si vibaya kamati zetu zikawaomba mafundi waje wawaoneshe makatibu kwa vitendo jinsi ya kutoa diski na kuirudisha. Gharama ya mambo haya ni ndogo, na nyingi ya hizo ni gharama ya muda na uangalifu tu.

Wanachama wametupa vitu vyao tuvitunze. Havionekani kwa macho, viko katika sahani nyembamba ndani ya boksi la bati. Lakini ni jasho lao. Tuvibebe kama tunavyobeba jasho la mtu.